Mzee Abdalla Atamwoza Binti Yake Mwenyewe

Jumatatu, 5 Mei

Vioo vimefutwa. Kadi za picha pia, moja moja, kwa spiriti. Kuku, kikombe, mswaki. Ng'ombe hana pembe moja, kuna mtoto aliitafuna wiki jana. Kisha mazoezi ya midomo na Mzee Abdalla mbele ya kioo. Jaza mashavu. Toa ulimi. Natoa ulimi vizuri kuliko msaidizi yeyote wa kliniki hii. Kliniki ina msaidizi mmoja, mimi, na bado nimo mafunzoni.

Mzee Abdalla alikuwa sajini. Mwaka jana kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na maneno yote, kikamwachia moja ambalo si neno: "tota". Akitaka maji, tota. Akikasirika, tota kwa sauti ya gwaride. Lakini anaelewa kila kitu. Watu hawajui hilo, wanampigia kelele kama kiziwi.

Leo mkewe, Hajati Zamu, alinikuta kwenye korido na mfuko wa kabalagala za moto, zile chapati ndogo za ndizi. Binti yao Mariam anafunga ndoa tarehe 24. Baba ndiye walii, ndiye wa kumshika bwana harusi mkono na kusema "nimekuoza". Ukoo unataka Rajabu, mdogo wake mzee, aseme kwa niaba yake. Mzee hataki kusikia. Hajati akaniuliza kama kuna tumaini lolote. Nilikuwa na kabalagala mdomoni. Nikamwambia: "Hajati, wewe lala usingizi. Siku hiyo mzee atamwoza binti yake mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi ndiye Swaibu."

Akalia. Akaniachia mfuko wote.

Naandika Kiswahili, lugha ya kambi ya jeshi nilikozaliwa, ili jirani yangu Jenifa wa chumba cha pili asisome. Huyo husoma hata gazeti la kufungia chapati.

Jumatano, 7 Mei

Kanuni ya Madam Nansubuga, bosi wangu na mtaalamu wa matamshi: ukimuuliza mgonjwa, nyamaza. Usimsaidie haraka. Hesabu hadi kumi moyoni.

Mimi kumi naifikia kabla mtu hajavuta pumzi. Nimekomalia steji ya Nakivubo, kituo cha magari ya abiria, naita abiria tangu nilipoacha shule Senior Two. Pale ukinyamaza mwenzako anakula abiria wako. Kwa hiyo Madam amebadilisha. Kwa kuwa mimi Mwislamu, amesema nisome sura fupi moyoni, polepole. Nimechagua Kulhuwallahu. Leo nilifika katikati tu, nikalitaja jibu la mzee mimi mwenyewe.

Madam akaandika kitu. Sikuona ni nini. Sipendi akiandika.

Ijumaa, 9 Mei

AMESEMA! Wallahi amesema. "Nimekuoza." Yote, mpaka mwisho.

Nilikaa mbele yake, goti kwa goti. Nikaiimba kidogo, ni-me-ku, mdomo wangu mkubwa kama mlango wa bwalo. Akanifuata. Mara ya kwanza tota. Mara ya pili tota. Mara ya tatu ikatoka, nzito, imepinda kidogo upande, lakini imetoka. Tukarudia mpaka jasho likatutoka wote wawili. Sajini akacheka kwa nusu ya uso.

Nimempigia Hajati simu hapo hapo. Sikumngoja Madam. Nilisikia vigelegele kwenye simu.

Mimi ni hatari. Wajue wote.

Jumatatu, 12 Mei

Mimi si hatari.

Madam alitaka kuona. Tukaanza, mzee akasema vizuri, nikamtazama Madam kama mtu aliyeshinda kura. Ndipo akaniambia nigeuke, niangalie ukuta. Nikageuka. Akamuuliza mzee tena, kwa upole. Kimya. Kisha tota. Tota, tota, tota, na mkono mzima unapiga kiti.

Madam akanitoa nje. Akanieleza: mzee hasemi, anasoma midomo yangu na kuifuata. Ni hatua nzuri, lakini bado ni mguu wa kukodi. Ukiuondoa, anaanguka. Akasema ingechukua miezi, pengine zaidi, na pengine isifike.

Sikumwambia habari ya Hajati.

Madam ana njia nyingine ya kumsaidia mzee leo leo. Ishara. Kiganja kifuani maana yake ndiyo, nimeridhia. Mzee anakataa kuifanya. Madam anadhani ni kiburi cha askari. Mimi najua sababu. Mkono uliobaki mzima ni wa kushoto, na mzee wa Kiislamu hatatoa ridhaa ya heshima kwa kushoto. Madam ni Mkatoliki wa Masaka, atajuaje. Ningemwambia. Sikumwambia. Nilitaka maneno, siyo viganja. Maneno ndiyo yatakayoniokoa mimi.

Jumatano, 14 Mei

Hajati amempigia Madam kumshukuru.

Nilikuwa nasafisha sinki. Nikasikia Madam anasema kwa huruma "bambi, nani amewaambia?" Kisha jina langu.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliniambia kitu kimoja msaidizi hapaswi kukitoa ni ahadi. Dawa atatoa daktari, zoezi atatoa yeye, ahadi haitoi mtu. Familia imekwisha kumwambia Rajabu akae pembeni. Sheikh ameambiwa baba atasema mwenyewe. Wageni wanatoka Bombo na Arua kuja kusikia muujiza. Muujiza wangu.

Mafunzo yangu yanaisha mwezi huu, na ni Madam atakayesema kama nabaki. Akanitazama. "Nenda kwao ukawaambie ukweli. Wewe mwenyewe. Na siku ya nikaha usimkodishie mdomo wako, Swaibu. Ukifanya hivyo utakuwa umemwoza Mariam wewe, siyo yeye."

Nimeshindwa kula. Jenifa ameniletea roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, amesema nina uso wa mtu aliyemeza ufunguo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekwenda kwao Kamwokya baada ya swala. Nilikuwa nimepanga kila neno njiani.

Nyumba imepakwa rangi mpya. Shangazi watatu wanachambua mchele uani. Wakaniita daktari. Mmoja akasema kumbe daktari bado hana ndevu, mwingine akasema madaktari wa siku hizi hunyoa. Wakacheka. Kwa kawaida ningewajibu hao wote watatu na wa nne ambaye hajaja. Leo nikawaamkia tu. Mariam akaninawisha mikono, Hajati akaniletea pilau na kipande cha nyama kikubwa kuliko cha Rajabu. Rajabu akakitazama kile kipande.

Nikala. Nikashukuru. Nikaondoka.

Mimi, Swaibu, niliyewahi kujaza gari la Jinja kwa maneno matupu, dereva hajafika. Nimekosa maneno mbele ya pilau. Hivi ndivyo anavyojisikia mzee kila siku? Sitaki kuwaza.

Jumatatu, 19 Mei

Madam aliniuliza kama nimewaambia. Nikasema nimekwenda. Hiyo ni kweli. Akaniangalia mpaka nikatazama chini.

Sikulala vizuri jana. Nawaza watu wote wamenyamaza, mzee amefungua mdomo, tota. Halafu mtu wa upande wa bwana harusi anacheka. Mmoja tu anatosha. Mzee yule hakuuawa na risasi, mimi ndiye nitakayemuua, kwa kabalagala.

Nina mpango. Nitakaa nyuma ya bwana harusi, mahali mzee anaponiona. Nitasema bila sauti. Atanifuata. Nani atajua?

Madam atajua. Mungu pia, lakini Madam yuko karibu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia. Siyo Hajati. Yeye mwenyewe.

Hajati alikuwa ametoka kununua dawa. Tulikuwa wawili, kioo mbele yetu. Nikaweka kadi chini. Nikamwambia mzee nilidanganya, nilisema nisichokijua, maneno bado hayajarudi, nimemwaibisha kabla ya siku. Nikamwambia amruhusu Rajabu. Nikamwambia pia kwamba Madam hakujua habari ya mkono wa kushoto na mimi nilijua, nikanyamaza kwa faida yangu. Niliongea haraka kama naita abiria wa Entebbe.

Kisha nikaishiwa. Nikangoja.

Mzee akanitazama kwenye kioo, siyo usoni. Muda mrefu. Akainua mkono wa kushoto, nikadhani ananipiga, nikafumba macho. Akanishika sikio. Akalivuta, kama mwalimu wa madrasa. "Tota," akasema, polepole. Halafu akaelekeza kidole kwenye kadi tuendelee.

Nikataja jina la Rajabu tena. Akatikisa kichwa. Hapana.

Basi anajua. Anajua na bado hataki. Sasa naogopa zaidi kuliko jana. Nimemweleza Madam yote, hata ya mkono. Alishika shavu, akasema alipaswa kupewa habari hiyo siku ile ile. Ni kweli.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike taratibu.

Turubai lilijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Sheikh, kijana mwenye miwani. Mzee amevaa kanzu nyeupe na koti, medali moja. Amekaa kwenye kiti, mkono wa kulia pajani kama kitu cha mtu mwingine. Bwana harusi mbele yake kwenye mkeka. Mimi nyuma ya bwana harusi. Ndiyo, nilikaa pale. Nilijiambia ninakaa tu.

Sheikh akahutubia. Kisha akamgeukia mzee, akamwambia ni zamu ya walii.

Hata sufuria ziliacha kulia.

Mzee akafungua mdomo. "Ni." Akakwama. Midomo inatafuta. Rajabu akasogea mbele, nikamwonyesha kiganja: ngoja. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, ni mtu mzima kuliko baba yangu.

Mzee akaniona. Macho yetu yakakutana. Midomo yangu ilikuwa tayari, wallahi, ilikuwa imejikusanya kusema. Ilibaki kuifungua tu.

Naye akageuza macho. Hakuyageuza kwa bahati. Alinitazama, akaelewa, akaniacha, akamtazama kijana anayemchukua binti yake. Uso wangu ukawaka moto. Nikafunga mdomo. Nikaanza Kulhuwallahu, moyoni, neno baada ya neno, kama mtu anayebeba maji asimwage.

"Nimeku," akasema mzee.

Nikaimaliza sura. Nikaanza tena.

"Nimeku. Tota."

Kuna mtu alikohoa. Hakuna aliyecheka. Jasho linamtiririka mzee chini ya kofia. Nilitaka kulia, nilitaka kukimbia mpaka Nakivubo. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, si mimi, si Madam. Kwa mkono wa kushoto akaushika ule wa kulia, ule uliokufa. Akauinua kutoka pajani, taratibu, kama anambeba mtoto aliyelala. Akaulaza kifuani. Mkono wa kulia, juu ya moyo. Ule wa kushoto akauficha chini yake, ukiushikilia usianguke.

Sheikh akavua miwani. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee Abdalla, umeridhia nimwoze Mariam kwa niaba yako?"

Mzee akainamisha kichwa. Mkono haukuondoka.

Sheikh akawaambia watu kwamba asiyeweza kusema, ishara yake inayoeleweka ndiyo kauli yake, na hii imeeleweka. Akauliza kama kuna asiyeelewa. Hakuna. Akamwoza. Bwana harusi akakubali mpaka sauti ikakatika, kisha akainama akaubusu ule mkono pale pale kifuani. Nyuma ya pazia vigelegele.

Rajabu alikuwa analia waziwazi. Akanipiga bega, akaniuliza kama hilo ndilo nililomfundisha kaka yake. Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikasema hapana.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua tangu alfajiri. Vioo vimefutwa. Kadi pia.

Madam amesikia yote kwa Hajati. Hakunisifu. Aliniuliza nilikaa wapi, nikamwambia. Aliniuliza kama nilifungua mdomo, nikamwambia. Akafikiri. Akasema karatasi yangu ya mafunzo bado hajaijaza. Kisha akanipa ufunguo wa kabati la vifaa, nifungue mimi kesho kwa kuwa atachelewa. Sikumuuliza maana yake. Naanza kujifunza.

Mzee amefika na kanzu ya kila siku, viatu vina tope. Hajati kabaki nje na kabalagala zake, leo kawapa wengine kwanza. Nikamkalisha mzee. Goti kwa goti, lakini nimesogeza kiti upande kidogo, asinione mdomo.

Nikamuuliza nyumba ikoje sasa, bila Mariam.

Akatazama dirishani. Midomo ikasogea, ikatulia, ikasogea tena.

Sura imeisha mara mbili. Mvua inapiga bati. Hana haraka. Na mimi sina.