Ile Sauti Ilikuwa Yangu

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi
Jumapili, 8 Machi

Mpendwa mdogo wangu Fyuzi,

Nimekukosea. Ile sauti uliyoisikia kwenye televisheni, ukadhani umerekodiwa ukiwa jikoni kwako, niliitoa mimi. Hakukuwa na maikrofoni kwenye dari yako. Hakuna anayekufuatilia. Ni kaka yako tu.

Najua salamu ndizo hutangulia, lakini niliogopa kwamba nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, kama nilivyofanya kwenye barua nyingine nilizozichana. Basi sasa nikuulize: hujambo? Kifua kinaendeleaje? Shangazi ameniambia kikohozi kimezidi tangu uibomoe dari, na vumbi la bati linakushukia kitandani. Mimi mzima wa mwili, ila chumba kimekuwa kimya mno. Jumapili kama hii ulizoea kunipigia. Sasa huna simu, nami nimebaki kuitazama yangu kama mtu anayesubiri maji yachemke kwenye jiko lisilowashwa.

Nikueleze ilivyokuwa. Kazi yangu unaijua, kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Nakaa peke yangu kwenye kichumba chenye kioo, natazama midomo ya mtu nisiyemjua na kuijazia maneno. Mwaka huu wakaleta tamthilia ya vyombo vya anga. Shujaa ni nahodha mmoja mrefu mwenye kidevu kipana. Mimi nikapewa rafiki yake, mdukuzi wa kompyuta wanayemwita Popo: haogi, analala kwenye chumba cha mitambo, anaingilia kompyuta za maadui huku anatafuna, na anaamini mwezi ulijengwa na watu wa kodi. Kila tamthilia ya aina hiyo ina mtu wake wa namna hiyo. Anachekwa mpaka karibu na mwisho, halafu inagundulika alikuwa anasema kweli.

Siku ya kwanza mkurugenzi wa sauti alinikatisha kila sentensi. Akasema Popo wangu anaongea kama karani wa benki. Nikafumba macho nitafute mtu anayeogopa kusikilizwa, na nani mwingine angekuja kichwani? Nikagonga meza, nikakohoa kile kikohozi chako kifupi, nikasema, "Shusha sauti, mheshimiwa. Hiyo friji imeajiriwa."

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo nikawa nakuchota tu. Yale ya taa za barabarani zinazohesabu watu. Yale ya utabiri wa mvua, kwamba unatangazwa ili wajue nani ni mtiifu wa kubeba mwavuli. Mambo uliyoniambia mimi peke yangu, huku umefungulia bomba ili wasisikie.

Sitakuficha, nilifurahi. Miaka yote pale kazini nilikuwa "yule mzee wa kichumba cha pili." Baada ya Popo, watu wakaanza kunisubiri twende kula pamoja. Na mle ndani ya kioo, nikiongea kwa sauti yako, nilihisi kama umekaa pembeni yangu. Hilo nalo ni kweli, ingawa halinisafishi.

Kisha ukanipigia. Hata salamu hukutoa.

"Kaka, wameniweka kwenye televisheni. Maneno yangu, kikohozi changu, kila kitu. Sasa nimwamini nani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikakwambia umechoka, ukalale.

"Basi nimebaki na wewe tu," ukasema, ukakata simu.

Nikarudi mezani kwa wenzangu, nikamalizia chakula changu.

Mengine nimeyapata kwa Shangazi. Kwamba ulibomoa dari, ukakata nyaya, simu ukaiponda kwa nyundo. Kwamba ulimfuata mama mshonaji wa mlango wa pili, ukamwambia mbele ya wateja wake kuwa ameficha maikrofoni ndani ya cherehani. Mama wa watu, aliyekuwa akikugongea kila asubuhi ajue kama umeamka, na ukiumwa anakuletea chai. Siku hizi anashona amejifungia, nawe unapita mlangoni kwake umeinamisha kichwa. Hukumwonea kwa ubaya, mdogo wangu. Ulikuwa na ushahidi masikioni mwako. Mimi ndiye niliyekupa ushahidi wa uongo, halafu nikakuacha ukamtafute mkosaji peke yako.

Ijumaa ya mwisho ya Februari nilimwambia mkurugenzi ukweli wote. Akasema watazamaji wameshamzoea Popo. Nikamjibu kwamba Popo ana mwenyewe, na mwenyewe hakuombwa. Sehemu zilizobaki zitasemwa na mtu mwingine, na zile za mwanzo zimeshatoka, siwezi kuzirudisha. Mezani hawanisubiri tena. Nakula kwenye ngazi. Siyo mbaya, kuna upepo.

Najua utasoma haya yote useme kaka kalazimishwa kuandika, labda kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chake. Ningekuwa wewe, baada ya yaliyokupata, ningesema hivyo hivyo. Ndiyo maana naona karatasi haitoshi.

Nisalimie Shangazi, umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Wasalimie na mapacha wake, nasikia sasa wamenipita kimo. Mungu akuponye kifua, na akupe usingizi usiokatishwa na kuchungulia dirishani.

Jumamosi ya tarehe 21 nitakuja kwa basi la asubuhi. Sitaanzia kwako. Nitamgongea mama mshonaji, nimwombe atoke, ndipo nikugongee wewe. Nitasimama kwenye korido kati ya milango yenu, niitoe ile sauti mbele yenu wote wawili, kikohozi na vyote, mkione kinywa inakotoka. Mkitaka kunifukuza baada ya hapo, nifukuzeni pamoja.

Ni mimi nikupendaye, hata usiponiamini,

Kaka yako