Kamati ya Kumpeleka Mumbua Kwenye Bembea

Alhamisi, mwisho wa Agosti. Baridi ya Machakos, ile ya kuingia hadi kwenye meno. Vilima vya Iveti havijaonekana tangu asubuhi kwa ukungu. Nimetoroka dukani saa ya chakula, niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi nyuma ya soko, na nimejaa dharau.

Nilidhani ni hasira. Lakini hasira yangu huwa inaisha nikishakula, na nimekula.

Wacha nieleze, kwa nyinyi wachache mnaosoma hapa. Mumbua wangu ana miaka sita. Muhula uliopita alikaa Matuu kwa nyanyake, ambaye sote tunamwita Susu, kwa sababu mimi na babake tulikuwa tunatoka kazini giza limeshaingia na msichana wa kazi alienda kwao akakosa kurudi. Mdogo wake, Kyalo, jirani alikubali kukaa naye. Mumbua hakupata jirani. Siku niliyomwacha Matuu alinishika sketi akaikunja mkononi. Nikamwambia akikaa bila kulia, likizo ya Agosti nitampeleka Nairobi kwenye ile bustani ya bembea, yeye na Kyalo, wapande treni ya watoto na lile gurudumu kubwa linalozunguka.

Hakulia. Susu mwenyewe aliniambia hakulia hata siku moja. Mtoto alifanya sehemu yake.

Sasa, kupeleka watoto wawili kwenye bembea ni kazi ya mtu mmoja aliye na mkoba, chapati na nguo ya kubadilisha. Unaamka, unawaosha, mnaenda. Jioni unarudi nao wamelala, mmoja begani, mwingine unamburura. Hakuna elimu kubwa hapo.

Shida ni kwamba Susu alifurahi, akamwambia Shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Anaishi Syokimau na ni mwenyekiti. Mwenyekiti wa nini, msiniulize, ni mwenyekiti tu. Kukiwa na harusi, yeye. Mazishi, yeye. Kanisa likitaka tanki la maji, yeye, na tanki linakuja baada ya mvua kupita. Alinipigia simu kwa ile sauti yake ya kwenye maikrofoni: "Mama Mumbua, hii ni kitu ya familia. Usibebe peke yako. Tutaunda kakamati kadogo."

Kakamati kalikuja sebuleni kwangu Jumapili baada ya ibada, kakala mkate wote na kumaliza maziwa ya watoto.

Kalifunguliwa kwa maombi. Maombi yaligusa serikali, mvua, na wale wanaosafiri angani. Halafu uchaguzi. Shemeji akapendekezwa, akakataa kidogo ili abembelezwe, akabembelezwa. Mume wangu, ambaye nikimtuma chumvi analeta kiberiti, akachaguliwa katibu. Binamu fulani ambaye simjui vizuri akawa mweka hazina. Watoto waliambiwa watoke nje kwa sababu wakubwa wanaongea. Mumbua alienda akakaa kwenye ngazi karibu na mlango, maana alikuwa amesikia jina lake likitajwa. Walipoondoka aliniuliza, "Ni kesho?"

Kikao cha pili, Susu alileta jambo. Kyalo amebeba jina la babake mume wangu, marehemu mzee wa Susu. Kwetu Ukambani hilo si mchezo, aliyebeba jina huhesabiwa ndiye mwenye jina. Susu humwita Kyalo "mume wangu", humwekea kipande kizuri cha nyama, na akimkuta ameketi kwenye kiti chake hamwondoi. Desturi hii naipenda, kusema kweli. Inamfanya mama mzee acheke kila siku. Lakini siku hiyo hakuwa anacheka.

"Nasikia kuna kitu inazungusha watu juu," akasema. "Mume wangu hapandi hiyo kitu."

Hakuna aliyepinga. Nilimwangalia Baba Mumbua, kwa sababu kwa hesabu hiyo anayezungumziwa ni babake, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amempangusa babake kamasi. Aliinamia karatasi akaandika. Shemeji akasema, "Mwaitu amesema," yaani mama yetu ameshasema, na papo hapo ikaundwa kamati ndogo ya usalama. Hiyo nayo, kwa hekima yake, ikaona haifai mtoto mmoja abaki chini na mwingine apande, wataoneana wivu. Basi wote wasipande chochote. Wataangalia.

Eti wataangalia. Unamtoa mtoto Machakos mpaka Nairobi akaangalie wenzake wakifurahi.

Kikao cha tatu kilikuwa cha mbuzi. Sijui mbuzi aliingilia wapi. Mtu aliuliza tutakula nini, na kwa watu wa kwetu swali hilo likiulizwa na wanaume waliokaa pamoja, jibu huwa na pembe. Ikawa ni mbuzi wa rangi gani, atoke kwa nani, achomwe wapi, supu nani atapika. Niliwauliza kama wanajua kwamba pale bustanini huruhusiwi kuingia na chakula cha nje, sembuse mzoga. Wakarudi kwenye supu. Mkwe ameongea.

Ndipo Shemeji akakohoa. Akasema kwa vile Mungu atatupa gari siku hiyo, na Kinanie ni njiani, tungepitia pale kwenye ploti yake mpya, kiwanja cha nyasi tupu, familia iione, iiombee, na mbuzi achomwe hapohapo. Halafu, muda ukiruhusu, twende kwa hiyo mambo ya bembea.

Kinanie ni njiani kwa mtu anayeenda Kinanie.

Lakini waliunga mkono wote, hata binamu, na nilielewa kwa nini mwenyekiti alikuwa akihangaikia furaha ya watoto wangu namna ile. Alikuwa anatafuta watu wa kwenda kuishangilia nyasi yake. Mtu mzima, amechukua bembea ya mtoto akaifanya ploti, na anatoka hapo akijiona amesaidia.

Jana jioni ndipo kilipokuwa kikao cha mwisho. Safari ni Jumamosi, Jumatatu shule zinafunguliwa. Shemeji alikuja na habari ya gari. Amekodi nisani, ile matatu ya abiria kumi na wanne, safi, dereva ni mtu wa kanisa. Wakaanza kujaza viti. Mwenyekiti na mkewe. Katibu. Mweka hazina na mkewe. Kamati ndogo ya usalama. Kamati ndogo ya mbuzi, ambayo ina watu wengi kuliko zote. Susu, wa kumwangalia mumewe. Mzee wa kanisa, wa kuombea ploti. Gari likajaa.

Nikauliza, watoto je?

Walitazamana. Naapa hakuna hata mmoja aliyekuwa amewafikiria. Mtu akasema watapakatwa. Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema siku hizi polisi hawataki hiyo, kila mtu na kiti chake na mkanda wake, na yeye kama mwenyekiti hawezi kuvunja sheria. Akashika kidevu. Halafu akasema, taratibu kabisa, kwamba ukiangalia vizuri, watoto hawakuwa wanapanda kitu chochote huko. Pengine wangepumzika nyumbani, washike nguvu za shule.

Ikapendekezwa. Ikaungwa mkono.

Susu aliuliza kama mumewe naye anabaki. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi yeye ataenda kwa niaba yake.

Nikasema nitabaki na watoto, si lazima niende. Walinipigia makofi. Shemeji akasema, "Mama Mumbua ako na roho ya kujitolea," na mke wake akaniambia atanifungia kipande cha mguu. Mume wangu hakuinua macho kwenye karatasi. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, ile kubwa, na ninakiri hapa kwamba nilipima umbali kati yake na paji la uso la mwenyekiti. Kisha nikamwongezea chai. Nikamwongezea na sukari.

Watu hawa ninawasalimia kwa mikono miwili. Na siwaheshimu hata kidogo. Nimeiandika, basi.

Lakini si hao walioniamsha mapema leo. Jumapili zote za Agosti, kamati ikishatoka, Mumbua alikuwa akinikimbilia na kuuliza, ni kesho? Ni lini? Jana hakuuliza. Aliingia, akakusanya vikombe kimoja kimoja, akavipeleka jikoni, akaenda kulala bila kuambiwa. Mtoto wa miaka sita, na alikuwa ameshatuzoea.

Hilo liliniogopesha. Muhula huu anaweza kurudi Matuu tena, sijui bado. Nikimwacha tena pale mlangoni na kumwambia jambo, ataniangalia kama ninavyomwangalia Shemeji.

Basi asubuhi kabla ya kutoka nilimpigia simu mdosi wangu wa dukani nikaomba ruhusa ya kesho. Akauliza kuna nini. Nikasema ninapeleka watoto kwenye bembea. Akauliza ninaenda na nani. Nikasema na watoto. Akaniuliza kama mzee anajua. Nikamwambia mzee ni katibu, ana kazi nyingi. Babake watoto nitamwambia tukishafika. Wao Jumamosi waende salama wakaione nyasi, na nitawafungia hata chumvi ya nyama.

Halafu nikamwita Mumbua. Nikachuchumaa nikamwambia kesho tunaenda, mimi na yeye na Kyalo, na anayetaka kupanda gurudumu atapanda, hata mume wa Susu. Nilidhani ataruka. Aliniangalia tu.

"Kamati imekubali?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kamati, ni mama tu.

Akaingia chumbani akatoka na viatu vyake vya kanisani, akavivaa, akajifunga kamba mwenyewe, vibaya. Nikamwambia vua, mama, ni kesho, si leo. Akakataa. Akasema akivua watakuja kufanya mkutano.

Nimemwacha hivyo. Msichana mpya wa kazi, ambaye sijui kama atakaa, amenitumia ujumbe sasa hivi, anasema amekula navyo, amelala navyo, na hataki hata kuoga. Nimemjibu amwache.

Kesho tunatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Simu nitaizima.