Jovina na Kidonge cha Asubuhi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumbani Mugoma, ambako nimerejea baada ya kuhitimu masomo niliyokuwa nikiyasoma ulipotutoka. Nakuandikia hadharani kwa sababu suala lililo mbele yetu linazikabili familia nyingi: je, mtoto asiyeweza kutulia apewe dawa? Mtoto mwenyewe ni Jovina, kitindamimba wako.

Utakumbuka jioni za kuchambua maharage. Sisi wengine ulitupa kila mmoja ungo wake. Yeye ulimpimia fungu la kiganja, akilimaliza azunguke nyumba mbio, kisha arudi kuchukua jingine. Baba alisema, "Huyu analipwa kwa kukimbia." Ukamjibu, "Mwache, mzee. Fungu lake halina hata jiwe."

Utakumbuka pia mubirizi. Jirani yetu Mama Odetha alishikilia kwamba mtoto ana minyoo, na huku kwetu minyoo hubebeshwa karibu kila lawama. Ulitwanga majani yale machungu ya mubirizi, ukamnywesha kikombe kizima. Alitapika, akalala mchana kutwa, nanyi mkashukuru kwamba dawa imemwingia. Kesho yake alikuwa juu ya paa la banda la mbuzi. Nimelitafakari tukio hilo bila nia ya kukulaumu. Sote tulidhani kunyamaza ndiko kupona.

Sasa yuko darasa la tatu, na mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumgawia mafungu. Mwezi uliopita alichomoka shuleni, akakatiza barabara ya malori. Dereva alifunga breki hadi matairi yakatoa moshi. Ndipo nilipompeleka Mwanza kwa daktari wa afya ya akili ya watoto. Basi liliposimama Nyakahura alishuka kutazama ng'ombe, ikabidi abiria wamsubiri. Kondakta akaniuliza, "Dada, huyu umemwekea betri ngapi?"

Daktari alimchunguza, akasoma maelezo ya mwalimu, akaiita hali hiyo upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopitiliza. Si laana, alisema, wala si malezi mabaya. Alishauri tuendelee na utaratibu wako wa mafungu, mwalimu amkalishe mbele, na kwa kuwa hatari imekuwa kubwa, tujaribu dawa kwa kipimo kidogo chini ya uangalizi wake. Hamu ya kula inaweza kupungua, na usingizi pia. Nilimuuliza, "Tutamtofautishaje mtoto aliyetulia na mtoto aliyelemewa?"

"Mtazameni anavyocheza," akajibu. "Akiacha kucheza, mrudisheni kwangu."

Baba alipinga. "Mtoto ana nguvu tu. Mnataka kumzima kama koroboi?"

Nilimweleza msimamo wangu, ambao nauweka hapa pia: dawa ina nafasi yake pale njia nyingine zimejaribiwa na mtoto bado anaumia au yumo hatarini. Haina nafasi pale ambapo watu wazima wamechoshwa na kelele. Aliuliza tu kama lori lile lilikuwa limebeba mzigo. Nikamwambia lilikuwa limejaa. Hakupinga tena.

Leo asubuhi, wakati wa uji, ni Baba aliyempa kidonge. Jovina alikigeuzageuza kiganjani.

"Baba, nikitulia, Mama atanijua?"

"Atakujua."

"Atanijuaje?"

"Kwani alikuzaa ukikimbia?"

Alicheka hadi uji ukampalia. Akakimeza, akatoka mbio, maana dawa ilikuwa haijapata hata muda wa kufanya kazi. Sijui itamfaa kiasi gani, na sitaki kukuahidi nisichokijua. Ninachoweza kukuarifu ni kwamba Baba aliacha jembe mlangoni, akamfuata, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka walipofika ng'ambo ya barabara.

Pumzika, Mama. Uangalizi wake sasa uko mikononi mwetu.

Binti yako wa kwanza