Mume Wangu Alipita Taa Nyekundu, Sijui Kama Yule wa Pikipiki Yuko Hai

Bi Marietha mpendwa, nakuomba uisome hii mpaka mwisho kabla hujanilaumu, maana mwenzio tangu Jumapili chakula hakipiti, nakaa nasikiliza pikipiki tu, ikisimama karibu na kwetu moyo unanilipuka, nasema haya, wamekuja kumchukua baba Yasmini, kumbe ni mteja wa mkaa wa jirani.

Mume wangu ni dereva wa Noah ya abiria, anafanya safari za Ruangwa na Nachingwea, gari si lake, ni la tajiri mmoja wa hapa mjini. Barabara yetu iko kwenye matengenezo, na kuna daraja moja dogo ambalo upande mmoja umefukuliwa wote, magari yanapita kwa zamu, na siku hizi mafundi wameweka pale taa za muda, nyekundu na kijani. Sasa kabla ya hizo taa madereva walikuwa na mtindo wao, ukifika darajani unapiga fulu, yaani unawasha taa kubwa na kuzima, wa ng'ambo akikujibu kwa fulu basi kakuruhusu, unapita. Taa zimekuja lakini mtindo haujaondoka. Nilishamwambia, baba Yasmini, hiyo ni nyekundu, akanicheka, akasema, "Trafiki yuko wapi hapa? Taa ina kalamu ya kuniandikia faini?"

Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka Nachingwea kwenye msiba wa shangazi yake, mimi na yeye tu, gari tupu, magharibi inaingia. Tukakuta nyekundu. Akapiga fulu. Kule ng'ambo taa moja ikamjibu, akasema, "Umeona? Kaniruhusu," akaingia, mimi nikapiga kelele taa, taa, taa, lakini tulishafika katikati, na mbele yetu inakuja bodaboda imepakia viroba vya ufuta, na yule dereva anapiga fulu tena na tena, ndipo nikaelewa, Bi Marietha, kwamba hakuwa anaturuhusu, alikuwa anatuambia tusije, kijani ni yake. Akatukwepa. Akadondokea ule upande uliofukuliwa. Hatukumgusa, naapa hatukumgusa, ila niliona ufuta umemwagika darajani na mtu simwoni, nikasema simama, akasema, "Nikisimama hapa wananiua," akakanyaga mafuta tukaondoka.

Sasa sijui yule mtu ni mzima au amekufa. Bombani kila mtu ana lake, mmoja anasema ni kijana wa Chinongwe kavunjika paja, mwingine anasema wameshamzika Jumatatu, na mimi nimeshika ndoo yangu, siwezi hata kuuliza jina lake nisije nikajulikana. Baba Yasmini kaniambia nikifungua mdomo nyumba imekufa, yeye jela, tajiri anachukua gari lake, na ndugu zake wa Mandawa watasema nimemuuza mtoto wao. Lakini naye hayuko sawa. Jana nilipanda gari lake, tukafika pale darajani, kijani ikawaka akabaki amesimama, wa nyuma wanapiga honi, yeye kaung'ang'ania usukani jasho linamtoka, mpaka nyekundu ikarudi. Nampenda mume wangu, na naogopa, naogopa polisi, naogopa ndugu zake, naogopa hata kulala. Nikisema nimemfunga, nikinyamaza siwezi kuishi hivi. Nifanye nini? Tafadhali majina yetu uyabadilishe.

Mama Yasmini, Ruangwa

*

Mama Yasmini mdogo wangu, majina nimeyabadilisha, na barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote. Pole sana. Hofu uliyonayo si ya kuchekwa, hata mimi nimeisoma nikiwa nimesimama. Lakini kuna mahali umenikera na nitakwambia.

Unaapa kwamba hamkumgusa. Nani kakuuliza? Mtu mwenye haki ya kupita amejitupa shimoni ili msigongane, nyie mnajadili kama bampa ilimfikia au haikumfikia! Neno hilo liache kabisa, usilipeleke hata polisi.

Na mumeo mwambie hivi. Fulu kwa dereva mmoja ni "pita", kwa mwingine ni "ngoja", kwa wa tatu ni "kuna trafiki mbele". Nyekundu ina maana moja tu, simama, hata kama ni taa ya muda, hata kama barabara ni ya vumbi na askari hayupo. Nyie mliiona ile taa kama askari aliyesahau kalamu nyumbani. Iliwekwa pale kwa ajili ya mtu wa ng'ambo ambaye hamkumwona.

Unaogopa polisi, basi nikueleze adhabu. Siku zote alizopita nyekundu akatoka salama, alikuwa anakwepa faini, na kwa kurudiarudia leseni yake ilikuwa inachungulia hatari. Sasa mambo yamekua. Mtu ameanguka na dereva ameondoka, hiyo ni kesi ya mahakamani, na jela ipo, sitakudanganya. Aliogopa kupigwa na watu? Sawa, wengi huogopa. Basi angenyoosha moja kwa moja mpaka kituo cha polisi akaripoti. Yeye akaondoka zake. Kila siku anayoongeza inamharibia, maana dereva aliyejipeleka mwenyewe hatazamwi sawa na aliyetolewa uvunguni.

Kingine, mtu anayeshindwa kupita kwenye kijani bado anapakia abiria? Leo hiihii ashuke kwenye hilo gari. Amwambie tajiri wake kwamba anaumwa, na hatakuwa amesema uongo.

Wewe acha habari za bombani. Nenda hospitali, uliza kama amepokelewa mtu wa bodaboda aliyeanguka darajani Jumapili. Ukimkuta, mjulie hali, na ndugu zake uwaambie ukweli hata wakikutukana, waache watukane tu. Ukiambiwa amefariki, usikimbie, uliza msiba uko wapi. Kisha mkalishe mumeo mchana, awepo mtu anayemheshimu, baba yake mdogo wa Mandawa ikiwezekana, ili ndugu wa mumeo walisikie kwako kabla hawajalisikia barabarani, na mwende naye kituoni wote watatu. Akikataa, nenda peke yako. Unasema utakuwa umemfunga. Aliyekanyaga mafuta siku ile ni nani?

Najua anaweza kulisoma gazeti hili na kujitambua hata kwa jina la bandia. Alisome. Akikuuliza nani kakutia ujasiri huo, usihangaike kutunga uongo, mwambie ni Bi Marietha, na kama ana ugomvi, ofisi yetu haina geti, aje tugombane mpaka achoke. Wewe wakati huo uwe umeshafika hospitali.