Sauti Mtakayoisikia Redioni

Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali,
Mlimani, Nairobi.
16 Juni, 1957.

Kwa dada yangu mkubwa, Nanyama,

Mulembe, dada. Mulembe kwa shemeji Were na watoto wote, na kwa Mama zaidi. Natumaini barua hii itawakuta na nguvu, mahindi yameshika na mvua ya mawe imewapita. Kile kifua kinachomsumbua Mama asubuhi kimetulia? Na yule mdogo aliyekuwa na surua, ameanza kula vizuri? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa jambo moja ambalo ndilo limenikalisha na kalamu leo Jumapili wakati wenzangu wamekwenda kanisani.

Mnajua kwamba kwaya yetu itasikika redioni Jumapili ya tarehe 30, saa tisa alasiri. Niliwaandikia mwenyewe kwa majivuno mengi kwamba ubeti wa tatu ni wangu peke yangu. Mkanijibu kwamba watu wa kanisa watakusanyika kwa chifu penye redio, na kwamba Mama ameshaambiwa atakaa kiti cha mbele. Dada, sauti mtakayoisikia katika ubeti ule si yangu. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote neno.

Kiongozi wetu ni Mwalimu Hezekiah Muthama, Mkamba, karani wa ofisi moja mjini. Ni mtu mwema, lakini tangu tulipochaguliwa, redio ilimwingia kichwani. Wimbo wetu tulikuwa tumeuzoea chini chini. Yeye akaupandisha, akisema redio haitaki nyimbo zinazotambaa. Basi katika ubeti wangu kuna neno "uzima", na ile "zi" ikawa iko juu kabisa, mahali ambapo sijawahi kufika bila kupigana. Kila mazoezi niliirukia kama mtu anayenyakua sufuria juu ya kabati: kidevu juu, visigino juu, mishipa ya shingo imesimama. Mwalimu Muthama akipiga meza kwa kiganja: "Kaza, Naliaka! Paza!" Nikakaza. Ilitoka, lakini ilitoka kama bati linalokatwa.

Nyuma yangu husimama Kavata, msichana wa Machakos ambaye tunafanya kazi pamoja katika dobi ya hospitali. Siku moja niligeuka ghafula nikamkuta midomo yake inacheza, anaufuata ubeti wangu neno kwa neno bila kutoa sauti. Hakufanya kosa lolote. Lakini tangu siku ile nilimchukia, na nilijua vizuri kwa nini ninamchukia.

Mwezi wa nne nilikuwa nikianika mashuka nyuma ya dobi, nikijaribu ile "zi", mara nikasikia mtu anasema, "Wewe, unaimba na shingo. Shingo si ya kuimba." Alikuwa mama mmoja Mkikuyu, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Jina lake Muthoni. Alikuwa akifundisha wasichana kuimba katika shule moja ya misheni kabla shule ile haijafungwa. Sasa anakaa Kinoo, katika kile kijiji chao cha handaki na lango walichohamishiwa kwa nguvu, na ana pasi, kibali cha kutoka, ya kuja hospitali Jumanne tu, kusafishwa mkono, na kurudi kabla ya saa kumi. Mkono uliungua. Hakuniambia uliunguaje, nami sikuuliza.

Jumanne ile akanitia kiganja chake kizima ubavuni. Akaniambia nivute pumzi mpaka mbavu zisukume mkono wake, mabega yakae yalipo. Halafu niimbe, na mbavu zisikimbilie kuanguka. Nikacheka, kwa maana nilidhani kuimba ni mdomo. Jumanne nyingine akanifundisha kutikisa midomo kama mtoto anayeiga lori, sauti ikipanda na kushuka bila kukatika mahali popote. Jumanne ya tatu akaniambia nianze kupiga miayo, kisha nisimalizie, nafasi ile iliyofunguka nyuma ya ulimi niiache hivyo hivyo. Taya liachie. Kidevu kishuke. Ile "zi" nisiibane kwa meno, niipanue kidogo, mdomo ukaribie "a". Na jambo lililonishinda kuliko yote: ninapopanda, nipunguze nguvu badala ya kuongeza. "Huko juu ni padogo," aliniambia. "Ukienda na mzigo mkubwa hupiti." Kila mara alimaliza kwa onyo moja, kwamba ikiuma ninyamaze palepale, kwa kuwa sauti inayouma tayari inaumia.

Dada, kwake nilikuwa naipata. Kati ya mashuka ilitoka nyepesi mpaka nikaona haya. Lakini jioni mbele ya Mwalimu Muthama, anapopiga meza na Kavata yuko nyuma yangu, yote yaliniruka, nikarudi kwenye shingo. Mwisho wa mwezi wa tano nikaanza kuamka bila sauti. Nilikunywa maji ya moto na chumvi, nikamwambia kila mtu ni vumbi la Nairobi.

Jumanne ya tarehe 4, sista wa wodi alinisikia nikikwaruza badala ya kusema akanipeleka kwa daktari wa koo. Aliniingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu, akatazama muda mrefu, akatazama tena. Kisha dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akanifasiria: pale pa sauti pamevimba pande mbili. Ninyamaze wiki tatu kamili, nisiimbe, nisiseme, hata kunong'ona nisinong'one. Nikikataa, patafanya sugu kama kiganja cha mkulima, na sauti haitarudi ilivyokuwa. Akaandika cheti nimpe kiongozi wa kwaya. Siku ya kurekodi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 15. Nilihesabu siku nikiwa bado nimekaa kwenye kile kiti, na kabla sijafika mlangoni cheti kilikuwa ndani kabisa ya mfuko wa aproni yangu, nami nimeshakata shauri kwamba hakuna atakayekiona.

Muthoni alikuwa ananingoja dobi. Nikafungua mdomo niimbe, akaninyoshea mkono kunizuia. "Nani amekutazama koo?" akauliza. Nikasema hakuna. Akanitazama shingoni. Basi ili niyatoe mazungumzo kwangu, nikamsimulia habari yako. Nikamwambia nina dada yangu, aliyekuwa na sauti kuliko mtu yeyote wa kwetu, naye aliimba akiwa mgonjwa siku ya mashindano ya Kimilili, sauti ikapasuka mbele ya watu, na tangu siku ile anasema kwa mkwaruzo na haimbi hata bembelezi kwa watoto wake. Nilimsimulia jinsi ninavyowasimulia watu wote.

Muthoni akauliza, "Koo halipasuki siku moja. Hakuna mtu aliyemwambia anyamaze?"

Nikaanza kukunja shuka lililokauka. Askari wa langoni akaja mpaka kwenye kamba za nguo, akamwambia, "Mama, saa yako imekwisha, toka." Akasema anakuja. Askari akasema si anakuja, ni sasa, au ataandika kwenye pasi yake kwamba amechelewa. Nilijua maana yake: wakiandika, Jumanne zake zimekwisha, na mkono ule utaozea Kinoo. Naye hakuondoka. Alisimama pale akinitazama machoni, askari amemshika bega, akauliza tena pole pole, "Hakuna aliyemwambia?" Nikasema, "Nenda, mama, tafadhali nenda." Akaenda bila kugeuka.

Usiku ule na ule uliofuata sikulala. Alhamisi jioni nilikwenda mazoezini na cheti mfukoni, bado nimekusudia kuimba. Nilipofika kwenye "zi" kitu kilishika kooni kama mwiba, ikatoka hewa tupu, na mdomoni nikaonja damu. Mwalimu Muthama akainua kiganja apige meza. Kabla hakijashuka niliweka cheti juu ya meza.

Alikisoma mara mbili. Akaniuliza tangu lini ninacho. Nikamwonyesha vidole viwili, siku mbili. Dada, hajawahi kunikemea mtu vile. Alisema nimemzika, nimeizika kwaya, na kwamba nitoke nje nisirudi. Halafu akamwita Kavata mbele. Kavata akaanza ubeti, na alipokaribia pale juu nikamwona anainua kidevu. Visigino vikapanda. Mishipa ya shingo ikatoka. Nilikuwa mlangoni, ningeweza kuondoka, na nikuambie kweli, nusu ya moyo wangu ilitaka niondoke nimwache ajiumize.

Nilirudi. Nilikwenda nikasimama mbele ya yule msichana, nikaweka mkono wangu ubavuni mwake.

Siku zote nane zilizofuata nilimfundisha bila sauti. Dobini, tukikamua mashuka, nilimsukuma kidevu chini kwa kidole. Nilipiga miayo naye akaniiga, wafuaji wenzetu wakidhani tumechoka. Mambo mengine niliandika nyuma ya karatasi za sabuni. Jumanne ya tarehe 11 tulimngoja Muthoni tangu saa nne mpaka saa tisa, hakuja. Kesho yake mama mwingine wa Kinoo, Wanjugu, mwenye pasi ya Jumatano, alituambia pasi zote za Jumanne ile zilizuiwa, hajui kwa nini. Basi nikabaki peke yangu na yale niliyoyakumbuka, na kila usiku nikajiuliza kama ni mimi niliyemponza.

Jana tukaenda mjini kurekodi. Mwalimu Muthama alikuwa hataki nikanyage pale, lakini Kavata, ambaye huwa hasemi, alimwambia wazi kwamba nisipoingia naye haingii. Nikawekwa nyuma ya kioo, karibu na Mzungu wa mitambo. Taa nyekundu ikawaka, wakaanza. Ubeti wa tatu, Kavata akaogopa, kidevu kikapanda, ile noti ikapasuka. Mzungu akazima, akasema kwa Kiswahili chake kwamba wanapewa mara moja zaidi, kwaya nyingine inangoja nje. Kavata alianza kulia bila sauti. Nikagonga kioo. Akanitazama. Nikaweka mikono yangu miwili mbavuni, nikavuta pumzi, nikaachia taya kama mjinga mbele ya watu wote, na sikuitoa mikono ile mpaka taa ilipowaka tena.

Ilipofika ile "zi" nilifumba macho. Ikapanda nyepesi, imefunguka, ikakaa pale juu bila kutetemeka kana kwamba haikuwa kazi kabisa. Mwalimu Muthama alitoa leso akajifuta uso. Nami sitakudanganya: nilifurahi, kisha nikaumia, vyote pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, Nanyama.

Mwezi wa nane mwaka 1951, wiki mbili kabla ya Kimilili, ulikwenda kwa Odero, dresa wa misheni, akutazame koo. Alikwambia urudi kesho yake kupata jibu. Kesho yake ulikuwa shambani, ukanituma mimi. Nikakuambia amesema ni mafua, unywe tangawizi, uendelee. Hakusema hivyo. Alisema, "Mwambie dada yako asiimbe mpaka mwezi uishe, hata kidogo, ama ataharibikiwa." Aliandika kwenye karatasi pia. Ile karatasi niliitia motoni chini ya chungu cha maharagwe, wewe ukiwa umekaa pale pale unachambua mboga.

Sikutaka upoteze sauti yako. Hilo nakuapia, ingawa sijui kama linasaidia kitu. Nilitaka uchoke tu, ukosee mazoezini, ili ubeti wako nipewe mimi. Lakini wewe hukuchoka. Uliimba kila siku mpaka siku yenyewe, na ilipopasuka mbele ya watu nilikuwa nyuma yako, ninaujua ubeti neno kwa neno, nikaupokea pale ulipoanguka. Watu walisimama wakapiga makofi. Walisema nimeiokoa kwaya. Jioni Mama alinichinjia jogoo, na wewe ndiwe uliyemnyonyoa, huwezi kusema, unanitabasamia.

Miaka sita umeniombea. Kila barua yako unaniuliza kama ninaimba bado.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Ninyi mtakwenda kwa chifu tarehe 30, na sikuweza kuvumilia mkae pale mkinisifu kwa sauti ya mtu mwingine kama mlivyonisifu zamani kwa nafasi ya mtu mwingine. Nimepewa ruhusa kazini. Nitapanda treni Ijumaa tarehe 28, nitashuka Bungoma Jumamosi. Wiki tatu za daktari nimezihesabu upya tangu Alhamisi ile niliyoimba, basi Ijumaa hiyo ndiyo siku yangu ya kuanza kusema, na sitaitumia hapa. Sitamwambia kitu mwenye tiketi wala jirani wa behewani. Neno la kwanza la sauti hii nitalisema mlangoni kwako, mbele ya Mama, na litakuwa jambo hili hili. Ukiufunga mlango, nitalisema nje, na nitalisema kwa sauti ya kusikika.

Nisalimie shemeji Were, watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na majirani wote wanaoniulizia. Mama mwambie tu kwamba nakuja. Mungu awalinde mpaka tuonane, nawe zaidi ya wote.

Ni mimi mdogo wako,
Naliaka