Nimeivunja Njia Yako ya Niru

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyokuwa ukiitumia kufokea watu. Kirundi ulikiweka kwa ajili ya sala na kwa ajili ya Mama. Ukitaka kunigombeza, tangu nikiwa mdogo kule kambini kwa wakimbizi, Kigoma, nikikubebea maji ya kukorogea udongo, ulihamia Kiswahili. Basi leo ni zamu yangu. Unisikilize mpaka mwisho, maana huna pa kwenda.

Nimeivunja njia yako. Ile ya kutoka getini hadi mlangoni, uliyommwagia Mama zege wakati wa lockdown, ile aliyokuwa akiwaonyesha watu kwenye simu kana kwamba ni mtoto amehitimu chuo. Nimeivunja mimi mwenyewe pamoja na Tonton Bosco, mwenzako wa kazini Smithfield. Vipande vyote vimeondoka na lori. Bosco alitaka tumwekee Mama kipande kimoja cha kumbukumbu, nikakichukua mkononi mwake nikakitupa na chenyewe.

Mama alianguka, Baba. Asubuhi moja ya baridi kali, nyasi zote za Rooty Hill, hapa Sydney, nyeupe kwa barafu, alitoka na ndala zake kuvuta pipa la taka hadi barabarani. Jioni iliyotangulia alikuwa ameipiga deki njia, kama kawaida yake. Ndiyo, deki. Aliipiga deki njia ya nje kwa sabuni na tambara, kila jioni, mwaka mzima, kwa sababu wewe ulimpa sakafu ukamwambia ni njia. Maji yaliganda juu ya niru, ule uso wa saruji uliousugua ukawa laini kama kioo. Akaenda chini na nyonga ikavunjika. Alilala pale hadi mtu aliyekuwa akitembeza mbwa akamsikia.

Unajua mimi nilikuwa wapi? Kazini Quakers Hill, kwenye nyumba ya wazee, nimepiga magoti nikiondoa kizulia chini ya miguu ya bibi mmoja asije akajikwaa. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Naingia chumba kwa chumba nikikagua sakafu za mama za watu. Simu ilipoita nilikuwa bado nimekishika kile kizulia.

Nianze na wewe au nianze na mimi? Nianze na wewe.

Ulijua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ungekuwa fundi wa kubahatisha ningesema hukujua. Lakini wewe ulikuwa na miaka kumi na moja kwenye zege la nchi hii. Nyumba ngapi za Quakers Hill ulizimwagia njia, na kila moja ukaipiga ufagio ikiwa bado mbichi ili uso ukwaruze na mtu asiteleze? Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinionyesha jinsi ya kuvuta ufagio mara moja bila kurudia, kwa mkono mwepesi, na ukacheka nilipoharibu mstari. Kwa wageni ulifanya sawasawa. Kwa mke wako ukapiga niru.

Nakumbuka siku yenyewe. Kazi za ujenzi zilikuwa zimefungwa. Siku tatu ulikaa ndani ukizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, siku ya nne ukaanza kuchimba. Helikopta ya polisi ilikuwa inapita juu ya mapaa yetu, na kwenye televisheni watu wa kule upande wa baharini wamelala mchangani na mataulo yao. Sisi hata kuvuka kilomita tano ilikuwa kosa. Bosco hakuweza kuja kukusaidia, kwa hiyo nikitoka zamu nilivua sare na kushika toroli. Ulipanga mbao za pembeni, ukapima kwa pima maji, ukatandika wavu wa chuma, na muda wote huo ulikuwa unakohoa. Nilikwambia kapime. Mimi mwenyewe nilikuwa natiwa kijiti puani kila siku chache kabla ya kuruhusiwa kuingia kazini, nilijua kikohozi kile si cha kuchezea. Ukasema, "Ni vumbi la saruji tu. Nimalize kwanza."

Zege lilipoanza kukaza nilikuletea ufagio. Ukausukuma kwa kiwiko. "Ufagio ni wa wazungu. Hii ni ya mama yako." Ukanyunyiza saruji kavu, ukapiga magoti na mwiko wako mdogo, ukaanza kusugua mpaka uso ukawaka. Nikakwambia, "Baba, nje niru inateleza." Ukajibu kwamba ulikuwa unafanya kazi hiyo kabla sijazaliwa, kisha ukakohoa mpaka ukashika ukuta.

Najua kwa nini ulifanya vile, usidhani sijui. Kambini tulikuwa na sakafu ya udongo, na Mama aliisiriba upya kila Jumamosi, na Jumapili imeshapasuka. Alikuwa akifagia ofisi ya mkuu wa kambi, ile yenye sakafu nyekundu ya niru, na akirudi anasimulia jinsi ilivyo baridi miguuni. Wewe ukamwahidi kwamba siku moja atakanyaga niru yake mwenyewe. Tukaja Sydney, tukapata nyumba ya mkopo wa benki, na ndani kote zulia. Hapakuwa na mahali pa kumwaga kitu. Ulichobaki nacho ni zile hatua za kutoka getini, ndipo ukaitimizia ahadi yako hapo, nje, kwenye mvua na barafu, mahali pasipostahili. Nikifikiria hivyo nataka kulia. Halafu nakumbuka Mama akilia kwa maumivu huku anageuzwa kitandani, na hasira inarudi yote.

Waliokuja kukuchukua na gari la wagonjwa walikupitisha juu ya njia hiyo ikiwa haijatimiza hata wiki. Mmoja, ndani ya yale mavazi yao ya plastiki, aliteleza kidogo akajishikilia kwenye machela yako. Niliona. Huo ndio mwisho wa kukuona kwa macho. Korona ikakumalizia hospitalini, wakakuzika watu kumi, ndio idadi iliyoruhusiwa, na katika hao kumi mkeo hakuwemo wala mwanao hakuwemo, kwa sababu tulikuwa karantini. Tulikuzika kupitia simu, Baba! Simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, mezani. Bosco alikuwa ameishika simu ya upande wa pili na kila mara alisahau kuiinua, nikaona zaidi viatu vya watu kuliko jeneza. Mama hakulia. Alikaa ameinama kwenye kile kioo kidogo, na ibada ilipokwisha akaenda kuchukua ndoo na tambara.

Tangu siku ile njia ikawa ndiyo wewe. Haikanyagwi na viatu vya matope. Watoto wasiendeshe baiskeli juu yake. Mimi mwenyewe niliteleza pale mara mbili nikiwahi treni, na nina viatu vya kazi vyenye soli ya kushika. Nilinunua utepe wa mkwaruzo nikaubandika. Mama akaubandua siku hiyo hiyo, akasema namchafulia baba yangu kazi yake. Nikauokota nikautia pipani. Kazini ningeandika ripoti, ningemwita msimamizi, ningesimama mlangoni nisiruhusu mtu apite. Nyumbani nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa njia yako na kwa sababu sijui hadi leo kama si mimi niliyekuletea ugonjwa kutoka kazini. Hapo nimelisema. Hakuna aliyewahi kuniuliza na mimi sijawahi kulitamka.

Baada ya upasuaji, mtu wa hospitali anayekagua nyumba kabla mgonjwa hajarudi alikuja na barakoa yake na futi ya kupimia. Ni mwanamke mpole, sina ugomvi naye. Alisimama getini hata hakuingia. "The path's a no, love," akaniambia, yaani njia hii haifai. Nyembamba kwa kigari cha kutembelea, mteremko mkali, hakuna pa kushika, na uso unateleza. Mama hataruhusiwa kurudi mpaka ibadilishwe, na isipobadilishwa watamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Mimi nazijua nyumba za wazee, Baba. Ningempangusa mama wa mtu mwingine huku wangu anapanguswa na mtu nisiyemjua, anaitwa darling, anaongea Kirundi na ukuta.

Nilikwenda kumwona, mgeni mmoja kwa siku, nikamweleza. Alinishika mkono akauminya. "Goreti, njia ya baba yako usiiguse. Niache nife huku." Nikamwambia, "Sawa, Mama." Nikatoka nje nikampigia Bosco.

Tulikodi mashine ya kuvunjia. Bosco alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilitumalizia siku mbili! Tulikuta wavu wa chuma umepangwa mara mbili, kokoto imeshindiliwa, zege nene kama la mtu anayesubiri vifaru. Bosco alizima mashine akajifuta jasho, akasema, "Huyu mzee alimwanga beto ya avion, si ya watu," yaani zege la kutulia ndege. Akacheka, kisha akaketi kwenye toroli akageuka upande. Mimi sikucheka. Nilichukua nyundo kubwa nikawa napiga, na kila pigo nilikutukana. Nilikutukana kwa kikohozi, kwa "vumbi tu", kwa kufia mahali ambapo sikuruhusiwa kuingia. Jirani alichungulia akarudi ndani. Nilikuwa natafuta kasoro, Baba, sehemu moja tu ulipolipua kazi, niseme basi alikuwa mgonjwa, mkono ulimpungukia. Sikupata. Chini kote palikuwa safi. Ulikosea juu tu, unene wa ukucha, na ulikosea kwa makusudi.

Tumemwaga mpya. Pana, mteremko wa taratibu, na chuma cha kushika upande wa kulia. Ilikuwa baridi na zege lilichelewa kukaza, tukalifunika kwa nailoni na mablanketi ya zamani. Kabla ya hapo, Bosco alinipa ufagio akasogea pembeni. Nikavuta mara moja bila kurudia. Ni mbaya, ya kijivu, kama njia ya nyumba yoyote ya mtaa huu.

Sikumwambia Mama. Nilimleta jana na gari, nikamshusha getini, nikamwekea kigari mbele. Aliitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kelele, laana, hata anikatalie kuingia. Aliondoa mguu mmoja kwenye ndala akaukanyaga uso ule wa mikwaruzo, akauvuta nyuma na mbele, taratibu, kama anayepima. Kisha akavaa ndala na kuanza kwenda. Mkono wangu aliukataa. Alifika katikati akasimama, na nikamsikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile uko jikoni na umeacha bomba linatiririka:

"Angeniua yule mwanamume. Mjinga yule, angeniua."

Na ndipo akalia. Alilia kwa sauti, ameshika chuma, mpaka jirani yule yule akatoka tena. Alikuita mjinga, akakuita kichwa ngumu, akakuuliza kwa nini hukwenda kupimwa ulipoambiwa. Muda wote tangu ufe hajawahi kusema neno baya juu yako hata moja. Nilimshika kiunoni nikamwacha alie. Alipomaliza alijipangusa kwa kitenge akatembea hadi mlangoni bila kusimama tena.

Leo ametoka mara mbili, hadi getini na kurudi. Hajaomba ndoo. Bosco anakusalimu, amehamia kampuni nyingine na anasema huko hakuna anayejua kupanga mbao. Mimi narudi zamu Jumatatu.

Kwaheri, Baba. Sikuweza kukwambia siku ile ya mazishi kwa sababu ya kile kioo kilichokuwa kinakwamakwama, basi pokea sasa. Nakuahidi kwamba Mama hataishia kwenye nyumba za wazee nikiwa na miguu yangu miwili. Nakuahidi pia kwamba watu wakiuliza imekuwaje tukavunja, sitaruhusu mtu aseme ulikuwa fundi mbaya. Ulikuwa fundi mzuri kuliko wote niliowajua, ulijua unachokosea, na ukakifanya kwa kumpenda mtu. Sijakusamehe.

Mwanao,
Goreti