Baba Mdogo Aliposimama Muyinga

Gitega, Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na moyo wangu umetulia kuliko ninavyostahili.

Jana tulikwenda Muyinga kuniposea Chantal. Njiani nilimbishia Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwenye miaka arobaini na minane. Nilidai kwamba umri wake hauna maana ya peke yake: nguvu za ujana zimepungua, heshima ya uzee haijafika. Nilijenga hoja kama mtu aliyehitimu juzi, na ndivyo nilivyo. Alicheka. "Haya, profesa. Tutaona kama mi niko na kazi."

Posa ya huku ina mchezo wake. Msemaji wa upande wa binti hujifanya hamjui anayetafutwa. Msemaji wa wageni humbembeleza kwa maneno matamu mpaka akubali. Mposaji mwenyewe hafungui mdomo. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Haya yote niliyajua jana, nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Mzee msemaji wao alisema binti tunayemtaka aliolewa zamani. Nikasimama, nikamkanusha mbele ya watu wote. Nilisema nimezungumza naye asubuhi ileile, nikatoa na simu iwe ushahidi.

Hakuna aliyecheka.

"Huyu anakuja kuoa ao anakuja kushtaki?" shangazi yao mmoja aliuliza. Wazee wa kwao walianza kutafuta fimbo zao waondoke. Chantal alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno.

Baba Mdogo akavua kofia, akainama mbele yao kama mtoto wao. "Wazazi wetu, mtusamehe. Huyu amesoma vyote isipokuwa kunyamaza. Ndiyo maana tumekuja: tunatafuta wa kumfundisha."

Mzee wao alikuwa wa kwanza kucheka. "Basi, huyo tuko naye," akasema.

Wazee tuliokuja nao hawakuweza kuinama vile bila kujivunjia heshima. Mimi ningeinama, nani angenisikiliza? Ni yeye tu aliyekuwa mdogo kiasi cha kuomba radhi na mkubwa kiasi cha kupewa.

Njia nzima ya kurudi hakunikumbusha lolote la ubishi wangu. Leo, tukinywa chai, ameuliza mbona sibishani. Nimemwambia asante, na sikuongeza hoja.

Nina mchumba kwa sababu ya umri nilioudharau.

Siku moja kijana wa ukoo wetu atasimama mahali pa kukaa, na mimi nitakuwa na miaka arobaini na minane. Je, nitakuwa tayari kuvua kofia?